Filimbi Iliyogonga Mlango Wangu

Naandika mambo haya mwenyewe kwa sababu mtu mwingine ameshayasema mbele ya watu, na hakuyasema yote. Kama yamekwisha kutoka nje, basi na mimi niyaseme.

Mjukuu wangu anapiga filimbi. Hiyo ndiyo kazi yake, kama mwingine alivyo fundi cherehani. Anaishi Ulaya, anaitwa huku na huku, watu wanavaa vizuri, wanakaa kimya, wanamsikiliza. Ana filimbi mbili. Moja ya mbao, nyeusi, haina vifuniko, matundu tu. Hiyo ni ya muziki wa zamani, wa watu waliokufa miaka mingi kabla babu zetu hawajazaliwa. Ya pili ni ya chuma, imejaa vifuniko vidogo vya kubonyeza. Hiyo ni ya muziki wa siku hizi.

Mimi ndiye niliyemlea, hapa Likasi, tangu akiwa na miaka tisa. Masista wa parokia walimpa filimbi ya plastiki, akaanza kupuliza. Nilimkataza kuipiga karibu na sufuria, kwa sababu mate yalikuwa yakidondoka. Akawa anapigia nyuma ya nyumba, akitazama ukuta. Sikumsifu hata siku moja. Lakini saa zake za kupiga zikifika, nilichukua bidoni, dumu la maji, nikaenda kwenye robine, bomba la mtaa, mwenyewe, nikapanga mstari na watoto wa watu, ili yeye asitoke. Aliona. Mtoto huona.

Sasa lazima niseme habari ya mama yake, maana bila hiyo hakuna kitakachoeleweka.

Mama yake alikuwa binti yangu wa mwisho. Alipendana na mwanamume mwenye mke. Siku moja yule mke alikuja akasimama mbele ya nyumba yangu, mtoto mgongoni, akatukana mpaka majirani wote wakatoka. Sijawahi kuona haya namna ile. Jioni nilimwambia binti yangu achague: yule mwanamume au paa langu. Alichukua kitenge chake akaenda. Mtoto wake, huyu mjukuu, alibaki kwangu. Nilimwambia kwamba mama yake amekwenda Kamatanda kutafuta kazi ya kuosha mawe ya shaba. Hilo halikuwa uongo, alikwenda kweli. Ila sikusema nani alimtoa.

Baada ya miezi alirudi. Ilikuwa asubuhi, mtoto yuko shuleni, mimi nachambua maharagwe. Aligonga mlango mara nne. Akasema, "Mama, ni minye," yaani ni mimi. Sauti yake ilikuwa ndogo. Nilidhani anajifanya mnyonge ili nimhurumie. Nikaendelea na maharagwe. Alingoja kidogo, akaenda. Wiki ile ile wakamleta kwa baiskeli, amefungwa ndani ya kitenge. Homa ilimmaliza hukohuko kwenye mawe.

Kwetu, asubuhi ya kumtoa maiti, mama mzazi analia kilio chake. Kulia huko si machozi tu, ni maneno. Unamwambia aliyekufa kila kitu, unaimba, unataja mabaya yako na yake, hujifichi. Na wale waliokaa chini pamoja nawe wanaitikia. Ukimaliza mmemaliza. Hakuna atakayekukuta sokoni akuulize, "Mama, siku ile ulisema hivi, ilikuwaje?" Hata adui yako hafanyi hivyo. Ndiyo maana mtu anaweza kusema.

Mimi nilisema. Nilisema, ni mimi niliyekufukuza. Nilisema, uligonga mara nne nikakunyamazia. Nilikuwa nimeinama juu ya jeneza na sikujua kwamba mtoto amejificha chini ya meza ya masufuria. Nilimwona katikati ya kilio, wifi yangu alipomvuta mkono kumtoa nje. Nikaendelea kulia mpaka mwisho. Hatukulizungumza jambo hilo, yeye na mimi, miaka yote.

Ndivyo tulivyoishi. Nilifikiri alikuwa mdogo, amesahau.

Mwaka jana alikuja. Padri alimwomba apige kwenye ukumbi wa parokia, Jumapili baada ya misa ya pili. Alilala kwangu, akala bukari, ugali wetu, vizuri, akanisaidia kutwanga sombe, majani ya muhogo. Siku moja kabla alinikuta nikianua nguo.

"Kambo," ndivyo anavyoniita mimi bibi yake, "utakuya kweli?"

"Nitakuya. Nilikubebea maji, sasa nikuye kuona yalizaa nini."

Alicheka. "Utakaa mbele kabisa. Kuko kitu moja nilikufanyia."

"Kitu gani?"

"Utasikia."

Nilivaa kitenge cha sikukuu. Umeme ulikuwa umeondoka tangu asubuhi, milango ya ukumbi ikaachwa wazi. Walikuwepo akina mama wa jumuiya yetu, wanakwaya, vijana wengi wenye simu, na wageni wawili watatu waliotoka Lubumbashi. Nilikaa mbele, kama alivyosema.

Alianza na ile ya mbao. Mimi sijui muziki ule, lakini niliuelewa. Unatembea taratibu, unapanda, unageuka, unarudi pale ulipotokea kama mtu aliyekwenda kisimani. Kilichonishangaza ni kwamba sikumsikia akivuta pumzi. Nilitazama kifua chake, nikaona kinajaa, lakini sikusikia kitu. Mama mmoja nyuma yangu, muuza samaki, alinong'ona, "Huyu mutoto anapumuaka na masikio?" Tukacheka kidogo. Nilikuwa na furaha. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Kisha akachukua ile ya chuma. Akaeleza kwamba muziki wa zamani unaficha pumzi, na wa leo unaitoa nje, watu waisikie. Huu, alisema, ameutunga mwenyewe.

Akaweka filimbi mdomoni, lakini hakupuliza. Alibonyeza vifuniko kwa nguvu, vikalia kama mbao. Ko, ko, ko, ko.

Mara nne.

Mikono yangu ilijua kabla ya kichwa. Ilianza kutafuta maharagwe juu ya kitenge.

Halafu pumzi ikaja, pumzi tupu bila sauti, kama mtu anayengoja nje ya mlango. Halafu ule wimbo wangu wa kilio. Si unaofanana nao. Ni wenyewe, na pale sauti yangu ilipokatika siku ile, filimbi ilikatika. Halafu akafanya jambo ambalo sikujua kama linawezekana: alisema maneno ndani ya filimbi huku akipuliza. Sauti ilitoka imechanika, ya mtu na ya chuma pamoja. "Ni minye nilikufukuza. Uligonga, nikanyamaza." Kwa Kiswahili chetu, mbele ya parokia nzima.

Vijana waliinua simu zao. Wale wageni walifumba macho kwa utamu. Lakini akina mama hawakukaa kwenye viti. Kilio kikianzishwa hukiachi peke yake. Mama mmoja alifungua kitambaa chake cha kichwa, akashuka akakaa sakafuni. Wa pili akafuata. Muuza samaki akaweka mikono kichwani akaitikia, "Ee mama, ee!" Wakawa saba, nane, chini, wakiitikia filimbi. Mjukuu wangu alifungua macho, akawaona, na nikaona kwamba amefurahi. Alidhani muziki wake umewashika.

Mimi peke yangu nilibaki kwenye kiti, katika kilio changu mwenyewe.

Alimaliza kwa kugonga tena, mara nne, kisha kimya. Wageni wakapiga makofi. Nilitoka kwa mlango wa pembeni nikaenda nyumbani kwa miguu. Alikuja baadaye, nikamwambia kichwa kinaniuma, nikajifungia chumbani.

Kesho yake asubuhi, kabla sijafagia, akina mama waliingia uani na unga, mfuko wa makaa, na samaki wakavu wa Mwadingusha. Hawakupiga hodi, kama ilivyo kwenye matanga. Walikaa chini.

"Mama, pole," alisema muuza samaki. "Nani alikufa?"

"Hakuna mutu alikufa."

Wakatazamana. "Lakini jana kilio kilitolewa. Kilio chako, mama. Shiye tulikuwa pale siku ya kwanza, tulikijua. Tulisema pengine kuko mutu kule Ulaya, mutoto anashindwa kukuambia."

"Hakuna."

Kisha mmoja akasema, "Basi hii samaki hairudi. Nilishaanza kuiaga." Wakacheka kwa aibu, na mimi nikacheka.

Hapo mjukuu wangu akatoka ndani. Aliona uani pamejaa, akadhani wamekuja kumpongeza. Alipiga magoti vizuri kama nilivyomfundisha, akaenda kwa mmoja mmoja akishukuru. "Aksanti, mama. Aksanti kuya." Nao wakamshika mikono miwili, wakampa pole ya kufiwa, maana kilio kikishatolewa pole haiachwi. Pole, mwanangu. Pole. Alipofika kwa wa nne, uso wake ulibadilika. Alinitazama. Sikumsaidia.

Niliwapikia bukari kwa unga wao, wakala, wakaenda. Hakuna aliyetaja maneno. Walikuwa wameyasikia mara ya pili, na mara ya pili pia hawakuuliza. Watu wale hawakusoma muziki.

Tulipobaki wawili nikamwambia akae.

"Nani alikupa ile kilio?"

"Hakuna mutu alinipa, Kambo. Nilikuwa pale."

"Ulikuwa chini ya meza."

"Chini ya meza ni pale."

"Ile maneno iko yangu. Nilimwambia marehemu. Sikukuambia weye, sikuambia ukumbi, sikuambia simu za vijana."

"Alikuwa mama yangu," akasema.

Akaendelea, sasa analia: "Uliniambia alienda kutafuta kazi. Siku zote nilijua, na siku zote nilikula kwako, nilinyamaza. Ningeweka wapi? Niliweka mahali minye naweza kuweka."

"Ungeniuliza."

"Ungejibu?"

Nisingejibu. Nalijua hilo, na yeye alilijua. Lakini kutojibu kwangu hakukumpa ruhusa. Nilimwambia: piga filimbi yako, gonga unavyotaka, lakini maneno yangu yatoe. Akasema bila maneno kitakachobaki ni upepo. Nikasema basi puliza upepo. Alikaa muda mrefu akifuta filimbi kwa kitambaa, ingawa ilikuwa imekwisha kukauka. Mwishoni alishika magoti yangu.

"Ile maneno yako hakuna mutu ataisikia tena, Kambo. Ninakuapia."

Nilimsindikiza mpaka kwenye basi la Lubumbashi. Nilimfungia karanga.

Miezi ikapita. Mwalimu mmoja wa shule ya parokia, mama mpole, alikuja na simu yake akitabasamu. "Mama, mjukuu wako huyu hapa, anapiga Ulaya." Tulikaa barazani, akaegemeza simu kwenye kopo la chumvi. Ukumbi mkubwa, mataa mengi. Kwanza ile ya mbao, nikaipenda tena. Kisha ile ya chuma. Ko, ko, ko, ko. Nikangoja upepo.

Akasema maneno. Kifaransa.

Kifaransa changu ni cha kuuzia nyanya. Nikamuuliza mwalimu, "Anasema nini?" Mwalimu aliacha kutabasamu. Alijifanya anatafuta kitufe cha simu.

"Sema tu."

"Anasema... ni mimi niliyekufukuza. Uligonga, nikanyamaza."

Hivyo ndivyo alivyoshika kiapo. Maneno yangu ya Kiswahili hakuyasema. Aliyavalisha koti. Mara ya kwanza niliweza kusema ni utoto, hakufikiri. Mara hii alikaa mahali, akafikiri, akachagua neno moja moja. Tena kwa lugha ambayo alijua sitaielewa. Hilo ndilo lililonichoma, kuliko wimbo wenyewe.

Alipiga simu Jumapili, kama kawaida yake.

"Nilikusikia," nikasema. "Kwa Kifaransa."

Nilisikia pumzi yake. Sasa najua kuisikiliza.

"Kambo, kule hakuna mutu anakujua."

"Weye unanijua."

Akaanza kuomba msamaha, kwa maneno mengi mazuri. Nilimwacha amalize. Kisha nikamuuliza swali ambalo lilikuwa limenikaa tangu siku ile ukumbini.

"Muziki wako unaishia wapi?"

"Kwenye kugonga. Unagonga, halafu kimya."

"Kwa nini pale?"

"Kwa sababu pale njo mwisho, Kambo. Ulinyamaza."

"Hapana. Pale njo wifi yangu alikuvuta mkono. Minye nilikuwa katikati ya kilio."

Halafu sauti yake ikatoka ndogo, na nilishtuka, maana ilikuwa sauti ya mama yake nyuma ya mlango.

"Baada ya pale ulisema nini?"

Nilikuwa na sufuria motoni. Nilikuwa pia na hayo maneno, mazima, kila moja. Ni yale niliyomwambia binti yangu baada ya kukiri, na ndiyo yaliyoniwezesha kuinuka pale chini na kumlea mtoto wake. Wifi yangu ameshakufa. Akina mama waliokuwepo hawatayatoa.

"Kambo? Ninakuomba. Nisipojua, inabaki nusu."

"Ndiyo," nikasema. "Inabaki nusu."

Anapiga kila Jumapili. Haulizi tena moja kwa moja, anazunguka: habari za afya, habari za mvua, halafu ananyamaza akingoja. Namwambia ukweli: siku atakayokuja akakaa kwenye kigoda, mikono mitupu, filimbi zote mbili zimeachwa huko, nitamwambia, kwa sababu alikuwa mama yake. Kwa simu, hapana. Hapa kwenye karatasi pia siandiki.