Besi Iliyofika Bila Shingo

Siku za wiki Gitobu wa Hezekiah alikuwa mkulima wa ndizi huko Mitunguu. Jumapili alikuwa mtu. Hivyo ndivyo alivyopenda kusema mwenyewe. Akishika gita la besi kanisani, hata akina mama waliokuja kusikiliza mahubiri tu walijikuta wakipigapiga mguu.

Alizipenda besi kuukuu za ng'ambo, zile ambazo mwenyewe amezeeka, amefilisika, au ameoa mke asiyetaka kelele. Maji yakiingia kwenye migomba, yeye huketi ukingoni mwa mfereji akizitazama kwenye simu jinsi wenzake wanavyotazama viwanja. Maxine, binti wa marehemu kaka yake, ni muuguzi Hamburg. Ndiye aliyemnunulia na kuja nazo akirudi likizo. Mbili zilishafika hivyo, zikauzwa kwa kwaya za Runyenjes.

Ya tatu ilikuwa yake mwenyewe, ya mwaka wa 1964, rangi ya asali. Maxine alipolipa tu, Gitobu alisimama kanisani akatangaza kwamba itawekwa wakfu Jumapili ya mavuno. Kutangaza ni rahisi. Kutangua ndiyo kazi.

Wiki hiyohiyo Maxine akapiga simu.

"Baba mdogo, kuna shida. Ule ubao mweusi juu ya shingo, pale vidole vinapokimbia, ni rozwudi ya Brazili. Miti yenyewe imebaki michache, haivuki mpaka bila kibali. Na kibali ni miezi."

"Si ni kaubao tu kama rula?"

"Hata kingekuwa kijiti cha meno."

"Upake rangi ya viatu. Wakikuuliza, sema ni mwarobaini."

"Mwarobaini wa Hamburg? Baba mdogo, mimi nina kazi huku."

Gitobu angeendelea kung'ang'ana, ila simu ilikuwa inasikika jiko zima, na jikoni alikuwa ameketi Felicitas, mama yake Maxine, mwalimu mkuu mstaafu. Tangu mumewe afariki, yeye ndiye aliyelishika jina la boma, na alilishika jinsi mtu anavyobeba mayai sokoni.

"Shemeji," alisema akichambua mboga, "Mzee Hezekiah alikuwa nani?"

"Si unajua, Mwalimu."

"Nataka kukusikia ukisema."

"Askari wa msitu."

"Na alimshika nani msituni na magogo ya wizi ya muuru?"

"Mbaka."

"Rika lake, waliyetahiriwa naye siku moja. Sasa wewe unataka Mbaka asikie kwamba mwana wa Hezekiah anaingiza mti wa kukatazwa? Hiyo furaha pekee itamweka hai miaka mingine ishirini."

Ilikuwa kweli. Hezekiah hakuacha shamba la kuringia wala nyumba ya mawe. Aliacha jambo moja tu: hakuna mtu, kutoka Chogoria hadi Mitunguu, aliyewahi kusema kwamba alikula hongo. Mzee Mbaka, ambaye sasa alikuwa mzee wa kanisa, alikuwa amengoja kwa subira kubwa siku boma hilo litakapoteleza.

Jioni Gitobu alimpigia Maxine. "Hiyo shingo imefungwa kwa gundi au kwa skrubu?"

"Skrubu."

"Ifungue ibaki kwako. Kiwiliwili hakina kosa. Kije."

Kiwiliwili kilikuja katikati ya nguo za Maxine. Afisa wa uwanja wa ndege alikigeuza, akauliza kama ni ubao wa kukatia nyama, Maxine akamweleza ukweli wote, naye akampungia mkono apite.

Hapo ndipo Gitobu angewaambia watu ukweli. Lakini Gitobu ni Gitobu. Jumapili ya mavuno alikilaza kile kiwiliwili juu ya meza ya sadaka, akachomeka mpini wa jembe mahali pa shingo, akavifunika vyote kwa kitambaa cha meza cha Felicitas. Pasta akaambiwa kwamba kitu kama hiki hubarikiwa kikiwa kimefunikwa, kama bibi harusi. Felicitas, mstari wa mbele, alikitazama kitambaa chake bila kupepesa macho.

Mzee Mbaka akasimama.

"Pasta, hata bibi harusi hufunuliwa."

Akavuta kitambaa. Mpini ukaanguka, ukabingirika hadi miguuni mwa kwaya.

"Mwana wa Hezekiah, shingo iko wapi?"

Gitobu angeweza kusema imechelewa mizigoni. Alimtazama shemeji yake, naye alikuwa anamtazama jinsi alivyowatazama watoto wa darasa la nane walipotaka kusema uongo.

"Iko Hamburg," akasema. "Ina mti wa kukatazwa."

"Kwa hivyo umeshikwa na mti."

"Sijashikwa, Mzee. Nimejishika mwenyewe."

Kanisa likacheka, ila Mbaka hakucheka. Alimsogelea. "Na baba yako angekuwa hai?"

"Angenishika kwa sababu ya huo mpini. Angetaka kujua nimeukata wapi."

Tumbo la Mbaka likaanza kutikisika. "Mimi aliniuliza hata kuhusu bakora yangu," akasema. "Akaipima." Akacheka mpaka akashikiliwa.

Pasta aliiombea nusu iliyofika na nusu iliyobaki ng'ambo. Sadaka ilichukuliwa nzima.

Siku iliyofuata, kwenye soko la ndizi, Mzee Mbaka ndiye aliyekuwa akisimulia. Aliwaambia wanunuzi kwamba watu wa boma lile ni wagumu, wakikosa wa kushika hujishika wenyewe. Felicitas alipita karibu naye na kikapu, polepole, kisha akarudi akapita tena, ingawa nyumbani kwao ndizi zilikuwa zimejaa hadi mlangoni.