Fundi Bomba kwenye Benchi la Macho

Kila Jumanne fundi bomba hukaa mwisho kabisa wa benchi la kliniki ya macho, bega la kushoto likigusa ukuta, ili asipite mtu upande ule. Hangoji kuulizwa. Hukunja kiganja chake chenye sugu kikawa bomba, akachomeka kidole, akamweleza aliye jirani: maji ya jicho yalikosa pa kutokea, presha ikapanda, daktari akalitobolea njia mpya.

"Sasa mwili nao mjinga," husema kwa sauti ya kukwaruza. "Ukiona tundu, unaliziba kwa kovu. Ndiyo maana wameniwekea kisponji pale, kizuie. Kazi ikiisha, kinayeyuka chenyewe. Miaka thelathini nazibua mabomba, sijaona kifaa chenye adabu hivyo."

Benchi zima hucheka. Muuguzi hucheka nao, ingawa ndiye aliyemweleza yote hayo, na hakuishia hapo.

Leo umetimia mwezi wa sita tangu apasuliwe. Muuguzi anampima presha ya jicho, anarudia.

"Kumi na mbili, baba, presha imeshuka. Kisponji kimeisha, na njia iko wazi."

"Na hili giza la kushoto, sista? Lenyewe linayeyuka lini?"

"Palipokwisha kufa haparudi, baba. Nilikwambia siku ile."

"Uliniambia," anakubali fundi, akishuka kitini.

Anashukuru, anageuka, na bega la kushoto linagonga fremu ya mlango.

"Samahani, ndugu," anaiambia fremu, kisha anasimama palepale, akingoja apishwe.