Waliondoa ombi langu kwenye kikapu, nikaliandika tena kila Alhamisi

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Mimi ni mmoja wa wale wa kusoma na kupita kimya. Leo naandika kwa sababu juzi kuna member alisema ombi likikaa miaka bila jibu, mtu mzima anajua kuacha. Nilikasirika hadi chai ikapoa mkononi.

Nitasema ukweli wote, hata ule unaoniaibisha mimi mwenyewe. Kama kuna mtu wa kijijini kwetu Kangari humu akanitambua, basi, anitambue.

Mimi ni mkulima wa chai, mama wa watoto wawili, na wengi huniita Mama Shiro. Kwetu tulizaliwa wanne. Wairimu ndiye kifungua mimba, nikafuata mimi Wanjiru, halafu kaka zetu wawili.

Kwa wasiojua mila yetu: binti wa kwanza hupewa jina la mama ya baba, wa pili jina la mama ya mama. Kwa hiyo baba alimwita Wairimu "Maitu", yaani mama yangu kwa lugha yetu. Na mama akaniita mimi Maitu. Hakuna mtu mwingine duniani aliyeniita hivyo.

Miaka minne iliyopita mama alifariki, na mimi nikapewa kazi ya program.

Huku kwetu mazishi bila kile kijitabu cha program hayajakamilika. Picha ya marehemu mbele, historia yake ndani, halafu inakuja orodha ya aliowaacha: mume, watoto, wakwe, wajukuu. Hiyo orodha ndiyo huleta vita, wakuu. Nani ametajwa, nani amerukwa, nani ameandikwa mke wa nani.

Wairimu alikuwa ameachana na mume wake mwaka mmoja kabla ya hapo, akarudi nyumbani. Ndiye aliyemuuguza mama. Alimwogesha, akamlisha, akamgeuza kitandani hadi siku ya mwisho.

Nilipofika kwenye jina lake nikakwama. Niandike "mke wa fulani" na si mke tena? Niandike jina lake peke yake, watu waanze kunong'ona? Nikafuta mstari wote, nikajiambia nitamuuliza kwanza.

Simu ikalia, kaka anauliza kuhusu hema. Ikalia tena, mambo ya jeneza. Mwenye printing pale Murang'a akaniuliza, "Madam, sasa nipige hii kitu?" Nikamwambia apige.

Siku ya mazishi msomaji akasimama na kusoma mbele ya kijiji kizima. Watoto wa marehemu: Wanjiru, na kaka zetu wawili. Basi. Akaendelea na wajukuu.

Baba alinigeukia pale pale kwenye kiti. "Wanjiru, umeacha mama yangu nje?"

Wairimu alisimama, akafungua kile kitambaa ambacho wafiwa wa familia hufungwa mkononi, akakiweka juu ya kiti, akaondoka kabla ya udongo kutiwa kaburini. Hakumzika mama yake, mama aliyemuuguza kwa mikono yake.

Alihamia mji wa Kutus akafungua duka la mchele. Akatoka kwenye group ya familia, akani-block.

Baba alibaki na neno moja tu kila nikimtembelea. "Nataka kuwaona nyinyi wawili kwa hii meza. Mimi sina miaka mingi."

Hapo ndipo nilipoanza kuomba.

Kanisani kwetu tuna fellowship ya akina mama kila Alhamisi mchana. Unaandika ombi lako kwenye karatasi ndogo, unatia kwenye kikapu, mwenyekiti anasoma na wote tunaliombea. Langu lilikuwa fupi: Wairimu arudi nyumbani.

Mwaka wa kwanza walinililia kabisa. Wa pili wakaanza kusema "amina" haraka haraka. Wa tatu mwenyekiti, nitamwita Mama Kelvin, akafungua karatasi yangu, akaikunja, akaiweka kando bila kuisoma.

"Mama Shiro," akaniambia mbele ya wote, "hii ombi imekaa sana. Labda Mungu amesema no. Wachia wengine nafasi."

Kuna aliyecheka. Mwingine akaongeza, "Ati kila wiki ni Wairimu, Wairimu. Si hata sisi tuko na shida?"

Niliona moto. Nikamjibu, "Mungu akitaka kuniambia no, mdomo anao. Wewe soma karatasi."

Hakuisoma. Alhamisi iliyofuata nikaandika tena. Akaiweka kando tena. Nikaandika tena. Ilifika mahali nilikuwa natia karatasi kikapuni nikimwangalia machoni, na yeye anaiona, na mimi najua ameiona. Pastor mwenyewe aliniita ofisini akaniambia kwa upole kwamba kuna mambo mwamini hufunga faili. Nikamwambia pastor, hii faili si yangu kufunga.

Mniite mkaidi, nimeitwa zaidi ya hapo.

Lakini sikuwa nakaa tu nikipiga magoti. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi nilienda Kutus na thermos ya chai ya shambani kwetu. Nafika dukani, Wairimu ananipa kisogo. Naiweka thermos juu ya gunia, nasema, "Nilisahau, dada. Nisamehe." Yeye anasema, "Toka kwa duka yangu." Natoka. Mwezi ukifuata naikuta imetolewa nje mlangoni, imejaa, chai imechacha ndani. Nabeba hiyo naacha nyingine.

Sasa nifike pale panapouma.

Siku moja nikiwa shambani nachuma chai, naomba huku mikono inafanya kazi kama kawaida yangu. "Bwana, mlainishe Wairimu, moyo wake ni mgumu." Maneno yale yale ya miaka mitatu. Na siku hiyo hayakutoka. Sikusikia sauti, sikuona maono, msinisingizie hapo. Nilisikia tu jambo nililokuwa nalijua.

Sikusahau. Yaani, ndiyo, nilisahau kumuuliza. Lakini ule mstari niliufuta kwa sababu niliona aibu. Niliona aibu kwamba dada yangu ameacha ndoa na watu wa Kangari wataisoma kwenye karatasi. Miaka mitatu namwambia Mungu amlainishe mtu aliyekosewa, na mimi mkosaji nimesimama na uongo mdogo msafi mkononi.

Nililia kati ya ile michai hadi jirani akaniuliza kama nimeumwa na nyoka.

Jumamosi iliyofuata nilienda Kutus. Nikaweka thermos. Safari hii sikusema nilisahau.

"Wairimu, nilifuta jina yako juu ya aibu. Ulikuwa umerudi nyumbani na mimi nikaona haya. Mama hakuona haya. Ni mimi."

Hakugeuka. Lakini pia hakusema toka. Mikono yake ilisimama kwenye mchele. Nikaondoka mwenyewe.

Mwezi uliofuata niliikuta thermos mlangoni. Tupu. Imeoshwa. Kifuniko kimegeuzwa kikauke.

Nilirudi fellowship nikasimama kutoa ushuhuda. Mama Kelvin akasema thermos kuoshwa si ushuhuda. Nikamwambia kwangu ni ushuhuda, na nikakaa chini nikiwa nimeshiba.

Sasa mwaka huu baba akasema anataka ibada ya kumkumbuka mama, na program mpya ichapishwe. Kaka wakaniangalia mimi. Nikakataa. Nilichukua karatasi tupu, nikaandika juu "Watoto wa marehemu", nikaipeleka Kutus nikaiweka juu ya gunia.

"Andika wewe," nikamwambia. "Vile utaandika ndivyo itasomwa. Ukiniacha nje, sitauliza."

Wiki tano hakuna jibu. Nikaomba kila siku. Nakiri niliomba kwa hasira, nikimwambia Mungu sibanduki. Program ikachapishwa na nafasi wazi mahali pa watoto. Kaka mmoja aliniambia nimepatwa na wazimu.

Siku ya ibada, hema limejaa pale nyumbani, pastor ameshafungua, ndipo Wairimu akaingia. Hakusalimia mtu. Alienda moja kwa moja mbele, akatoa ile karatasi kwenye mkoba, imekunjwa mara nne.

"Watoto wa marehemu," akasoma. "Wairimu." Baba alishika fimbo yake kwa mikono miwili.

Kisha Wairimu akainua macho akanitafuta hadi akanipata. Wakuu, nilikuwa tayari kurukwa. Nilikuwa nimeshaamua nikirukwa nitabaki nimekaa, nitamzika mama mara ya pili, na Jumamosi nitapeleka chai.

"Wanjiru," akasema. Halafu akaongeza neno ambalo halikuwa kwenye karatasi, maana niliisoma mwenyewe baadaye. "Maitu wa mama yetu."

Kaka zetu walitajwa pia, naambiwa. Mimi sikusikia.

Baada ya ibada tulikaa meza moja na baba. Wairimu alikunja uso kwenye kikombe. "Na hii chai yako. Miaka yote hii sukari ni mingi hivi?" Baba akacheka hadi akakohoa.

Hatujamaliza kila kitu. Kuna siku bado ananijibu kwa mkato, na ni haki yake.

Nilichojifunza mimi: kuomba bila kuchoka hakukumgeuza Wairimu kwanza. Kulinishika mimi pale pale miaka mitatu hadi nikakosa pa kuficha uongo wangu. Ningeacha walipocheka, ningekufa nikisema nilisahau.

Kwa hiyo wewe unayeshauri watu wafunge faili, nijibu hapa hapa, nipo. Na wewe ambaye watu wamechoka na ombi lako, litaje hapa chini, jina tu linatosha. Nitaliandika kwenye karatasi.

Alhamisi Mama Kelvin atalisoma. Siku hizi anasoma zote.