Mke Wangu Alikuwa Analegeza Skrubu

Nilimfumania mke wangu saa saba mchana.

Hakuwa na mwanamume. Alikuwa na bisibisi.

Nimesimama mlangoni, viatu mkononi kama mwizi wa nyumba yangu mwenyewe, namwona kapiga magoti sebuleni analegeza kiti nilichokikaza jana yake.

Ngoja niwaeleze vizuri, msije mkaniona chizi.

Mimi ni seremala. Karakana yangu inajulikana kwa jambo moja: kazi yangu hairudi. Sasa kile kiti cha nyumbani kilikuwa kimerudi mara nne ndani ya mwezi. Kabla yake ilikuwa droo ya jikoni. Kabla ya droo, bawaba za kabati.

Kila nikirudi jioni: "Fundi, kiti kinayumba tena." Ananiita Fundi akiwa amenuna.

Mume gani msikivu kama mimi? Hajamaliza kusema, nishafungua boksi la vifaa. Nilikuwa najisifu kabisa kwa majirani.

Halafu wiki ile akatangaza kwamba Jumamosi anaenda kwa dada yake.

"Utarudi lini?"

"Sijui."

Begi likapangwa, likasimama chumbani. Ndiyo nikaamua kuibuka nyumbani mchana nione kuna nini, nikamkuta na bisibisi.

"Unafanya nini?!"

Alishtuka, kisha akakaa chini, skrubu kiganjani. Wala hakukana.

"Ukitengeneza kitu ndiyo unakaa na mimi nusu saa. Nakushikia skrubu, nakupigia stori, unaguna 'mm, mm'. Kitu kikipona, unakula, unalala."

"Lakini mimi nakusikia kila siku!"

"Kusikia unasikia, hilo sikunyimi. Nikisema kiti, mbio kwenye boksi. Umewahi kuniuliza mimi naendeleaje?"

Miaka tisa ya ndoa, jamani. Niliona aibu, na roho iliniuma kwelikweli.

Kesho yake, Ijumaa, nikafunga karakana mapema. Leo nitamwelewa mpaka ashangae mwenyewe.

Naingia tu, sauti toka jikoni: "Njoo haraka! Bomba la sinki limepasuka!"

Nikatabasamu. Bomba, eti. Lugha hiyo nishaijua.

Boksi nikaliacha mlangoni. Nikaenda taratibu, nikamshika mikono yote miwili, nikamtazama machoni.

"Mke wangu, achana na bomba. Niambie moyo wako unasemaje."

"Moyo unasema MAJI! Angalia chini, wewe!"

Nikaangalia. Maji yamefika kwenye vifundo vya miguu, na sufuria moja inaelea, inaelekea sebuleni.

Nilikwenda kufunga koki kuu mbio, nikateleza, nikatua kwa makalio. Mke wangu alicheka mpaka naye akakaa kwenye maji.

Tulikausha jikoni saa mbili nzima kwa ndoo na matambara. Hapo katikati nikamuuliza anaendeleaje, kisha nikafunga mdomo.

Akaniambia. Tangu ofisi yao ifungwe, kuna siku hazungumzi na mtu yeyote mpaka mimi nirudi. Neno lake la kwanza la siku linakuwa hilo la kiti.

Niliacha tambara, nikamkumbatia tukiwa tumelowa hivyo hivyo.

Jumamosi asubuhi nikamsikia kwenye simu na dada yake: "Siji. Jikoni kulifurika jana, na huyu mtu ndiyo kwanza ameanza kujifunza."

Wanaume wenzangu, kusikia ni kazi ya masikio tu, hata kuku wanasikia. Kuelewa kunataka uulize, maana ukibahatisha kama mimi utaogelea jikoni kwako.

Siku hizi mke wangu akiniita, nauliza kwanza: "Nije na boksi, au nije mwenyewe?"