Mkojo Wangu, Damu ya Charo

Nakumbuka siku moja ya ujana wangu, mwanangu, ambayo hadi leo huniletea haya hata nikiwa peke yangu. Ilikuwa miaka ya themanini. Nimemaliza kidato cha nne, na hoteli mpya ya Malindi imenikubalia kazi ya kutunza stoo. Kilibaki cheti cha hospitali tu. Kifua nikapigwa picha, mkojo nikautoa bila ubishi, maana hauumi. Damu ndiyo iliyonishinda. Mnanicheka leo kwa kutotoka barazani. Basi hata ujanani nilikuwa hivi hivi, mtu wa mkeka na chai, na sindano niliiogopa kuliko chatu.

Nikamwendea binamu yangu Charo, mgema, aliyenizidi umri kwa zaidi ya miaka kumi. Huyo alikuwa akikwea mnazi huku akipiga mluzi. Ila siku hizo alikuwa ameacha kukwea kwa sababu ya kidonda cha kidole gumba cha mguu, ambacho kilikuwa na miezi kadhaa hakifungi. Watu walisema amerogwa. Tena alikuwa na kiu ya ajabu: anakunywa dafu la kwanza, la pili, la tatu, na bado anaomba maji.

"Kaka Charo, nenda ukatolewe damu kwa jina langu," nikamwambia. "Ila asubuhi usile kitu, ndivyo wanavyotaka."

"Msomi mzima unaogopa kijisindano?" akacheka. "Haya, lete hiyo barua ya kupimwa. Lakini ukishakuwa mtu wa hoteli, usije ukajidai hunijui."

Akaingia hospitali akijiita Katana, jina langu mimi, muuguzi akamtoa damu. Mimi nilikuwa mkahawani ng'ambo ya barabara, nikila mahamri na mbaazi kwa niaba yake.

Kesho yake nikaenda mwenyewe kuchukua majibu. Mtu wa maabara alikuwa mzee mpole kutoka bara, ambaye hakuwa amemwona yeyote kati yetu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, macho yakiwa kwenye karatasi mbili alizozilaza mezani.

"Katana ni wewe?"

"Ni mimi."

"Karatasi hii inasema mkojo wako hauna sukari hata chembe. Hii inasema damu yako imejaa sukari, na hukuwa umekula. Sasa sukari ikizidi namna hii kwenye damu, nyingine humwagikia kwenye mkojo. Wewe mwili wako umejengwa vipi?"

Unaona ujinga wangu? Nilitoa mkojo wa mtu mmoja na damu ya mtu mwingine, nikadhani vitu hivyo havisemezani. Nikamjibu kwamba labda mashine imekosea. Hakukasirika. Aliniangalia tu kama mpishi aliyeambiwa pilau lake limeungua, halafu akasema, "Njoo uone."

Akanionyesha chupa nyembamba. Damu iliyoachwa itulie ilikuwa imejitenga, chini nyekundu nzito, juu maji ya manjano. Akasema maji hayo ndiyo yanayopimwa. Hutiwa dawa, yakabadilika rangi, na kadiri rangi inavyokolea ndivyo sukari ilivyo nyingi. Kisha akanikalisha kwenye darubini, nitazame tone la damu ile ile lililopakwa kwenye kioo. Niliona vijisahani vingi mno, na hapa na pale madoa makubwa ya zambarau.

"Hayo makubwa ni chembe nyeupe," akasema. "Hao ndio walinzi wa mwili."

"Mbona nyeupe zina rangi ya zambarau?"

"Tumezipaka ndipo uzione. Ziko zinazomeza vijidudu, na ziko zinazokumbuka. Uliwahi kuugua surua utotoni?"

"Niliugua."

"Basi humo mwilini mwako wamo wanaoikumbuka. Ikirudi, wanaitambua mlangoni."

Mwanangu, nilisahau kabisa kwamba nimekuja na uongo. Nikawa namuuliza kama mtoto: wanazaliwa wapi, wanaishi siku ngapi, wanajuaje huyu ni adui na huyu ni mwenyeji? Alinijibu yote bila kuchoka. Mwisho nikauliza, sukari ikizidi, hao walinzi huwaje?

"Hulegea. Huchelewa kufika, na wakifika hawamezi vizuri. Ndipo unamwona mtu ana kidonda kidogo tu mguuni, mwezi unaingia, mwezi unatoka, hakifungi, mpaka mguu unakatwa."

Nikaondoa jicho kwenye darubini. Yeye alikuwa tayari ameishika ile chupa, anaelekea kwenye sinki.

"Labda kweli chupa zilichanganywa," akasema. "Naimwaga hii, nikutoe nyingine. Majibu yako yatatoka safi."

Hapo nilikuwa nimefunguliwa mlango wa kutokea. Ningenyoosha mkono, ningeumwa kidogo, kazi ningeipata. Na damu ya Charo ingekwenda na maji, asijue mtu ilikuwa ya nani.

"Usiimwage, mzee," nikasema. "Ni ya binamu yangu. Ana kidonda."

Akairudisha chupa mezani. "Kimebadilika rangi?"

"Kidole kinaanza kuwa cheusi."

"Kesho asubuhi awe hapa. Akikataa, mbebe. Na cheti chako siandiki. Daktari anasoma karatasi yangu tu, haoni uongo wako. Angempa dawa mzima, mgonjwa akaoza nyumbani."

Kumwambia Charo kulikuwa kugumu kuliko sindano. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kwa hiyo mahamri umekula wewe, sukari ninayo mimi." Kisha akautazama mguu wake, na hakucheka tena.

Alilazwa wiki kadhaa. Kidole kilikatwa, mguu ukapona. Kazi ya hoteli akapewa mwingine, nami nikarudi kwenye mkeka wangu, safari hii bila kujisifu.

Basi nakuusia, mwanangu. Ukiitwa kupimwa, nenda wewe, kwa jina lako. Ukiambiwa usile, usile. Kidonda kisichofunga usikiachie uvumi wa uchawi, kipeleke kikaonwe. Usichokielewa uliza, hata ukionekana mshamba. Na ukishakosea, sema mapema, kwani huenda uongo wako umekalia uhai wa mtu mwingine.

Mungu akupe afya, na akupe moyo wa kutaka kuijua. Akuzeeshe na vidole vyako vyote kumi vya miguu, wewe na ndugu zako. Amina.