Maksai Asiyejua Kusifu

Kwetu mwanamume hajisifu. Anayejisifu huonekana hana maksai. Kazi hiyo ni ya maksai wake, yule aliyemlea tangu ndama na kumfundisha maneno, na maksai wa kwetu wakishajua kusema hawajui kunyamaza. Utamsikia mmoja akiitangazia kambi nzima asubuhi kwamba bwana wake aliua simba wawili kwa mkuki mmoja, na bwana mwenyewe yuko palepale anajipaka jivu, kama vile hayamhusu. Sote tunajua simba alikuwa mmoja, tena mgonjwa. Hakuna anayebisha. Kutia chumvi ni haki ya maksai.

Wol alijaliwa maksai asiyejua kutia chumvi.

Aliitwa Malou, kwa rangi yake ya kijivu. Pembe moja ilisimama vizuri, nyingine ilikata tamaa ikainama, na mguu wa nyuma ulichechemea tangu alipokanyaga kisiki akiwa mchanga. Malou alisema mambo yalivyo, basi. Wol akimwaga maziwa, Malou atasema Wol amemwaga maziwa. Vijana wa kambi walikuwa wakimchokoza makusudi, wanamwomba amsifu bwana wake hata kidogo. Malou alitafuna kwanza, akafikiri, kisha akasema, "Ana miguu miwili." Watu walivunjika mbavu, na Wol alicheka nao, ingawa ya moyoni aliyajua mwenyewe.

Alikuwa mtu wa kawaida, huyu Wol. Ng'ombe wake walitosha kuoa lakini hawakutosha kutisha watu. Alijua kupigilia kigingi kikatulia na kutibu jicho la ndama, na hayo hayana wimbo. Umri nao haukumsubiri. Wenzake walikuwa na watoto wanaochunga, yeye bado alikunywa maziwa yaliyokamuliwa na shemeji yake.

Kisha akampenda Aluel, binti wa mzee Madut wa kambi ya ng'ambo ya kijito. Siku moja Wol alikuwa akihangaika na ndama aliyezama matopeni, na Aluel, aliyekuwa akipita, akaingia matopeni bila kuuliza kitu. Wakavuta pamoja, ndama akatoka, na Aluel akaenda zake hata hakusubiri asante. Shida ni kwamba Aluel alikuwa amewarudisha wachumba kadhaa, watu wa maana wenye maksai wa sauti nzito. Alisikiliza sifa zao hadi mwisho, akapiga miayo, akaingia ndani.

Wol alipopata ruhusa ya kwenda kuposa, aliyepoteza usingizi alikuwa binamu yake Kuol. Posa ya kwetu ni maksai. Anasimama mbele ya wakwe, anamsifu bwana wake, na asiposifu, wanaume hurudi na kamba zao bila mke.

"Mchukue Marial wangu," Kuol akasema. "Yule wako atakuaibisha, binamu. Wataulizia ushujaa wako, atawaambia unavyokoroma."

Wol akasema Marial anajulikana. Kuol akamjibu kwamba ng'ambo ya kijito hajulikani, na kwamba maksai akishapakwa jivu vizuri, nani atauliza ni wa nani? Wol hakukataa. Hapo ndipo palipomuuma baadaye, kwamba hakukataa papo hapo.

Alasiri alikwenda kumpaka Malou jivu mgongoni, kama kila siku, na hakumwambia neno.

"Mchukue Marial," Malou akasema.

"Umesikia?"

"Nina masikio makubwa." Malou akatafuna. "Mimi nimejaribu, Wol. Natafuta jambo kubwa ulilofanya ili niliimbe. Silioni."

Wol aliumia, na aliumia zaidi kwa kuwa aliyesema hakuwa na ubaya wowote. Akaendelea kumpaka jivu hadi mkiani. Alipomaliza alikuwa ameshaamua.

"Tutakwenda mimi na wewe," akamwambia. "Nikienda na Marial, Aluel atakuwa ameposwa na Kuol. Mimi nitakuwa nimemshikia kamba tu."

Basi wakaenda. Mzee Madut alikuwa ameketi kwenye kigoda chake na shangazi Ayen pembeni yake, yule ambaye mdomo wake unaogopwa kambi zote mbili. Aluel alikaa nyuma ya wanawake akisokota kamba, maana siku kama hiyo binti hasemi. Kuol alikuja na Wol kama shahidi, uso umesawijika. Malou akachechemea hadi katikati ya uwanja, akasimama, akatafuna. Akatafuna sana. Watu wakaanza kukohoa.

"Huyu ni bubu," Ayen akauliza, "au bwana wake hana la kusifiwa?"

"Bwana wangu hajaua simba," Malou akasema.

Uwanja ukalipuka kwa kicheko.

"Simba alikuja mwaka wa ukame, kwenye njia ya mtoni," Malou akaendelea. "Wol alikimbia. Mimi pia nilikimbia."

Kuol akajifunika uso kwa viganja. Mzee Madut, ambaye ni mtu mpole, akamwambia Malou kwamba inatosha, mwanangu, tumesikia. Wol aliangalia vidole vya miguu yake. Moyoni alikuwa ameshavuka kijito kurudi nyumbani.

"Nani alifika kwanza?"

Ilikuwa sauti ya Aluel. Ayen akageuka kumkemea, lakini yeye alikuwa akimtazama maksai.

Malou akafikiri. "Hakuna. Tulifika pamoja."

"Wewe unachechemea. Yeye ana miguu mizima."

"Ndiyo. Nilimwambia atangulie, akakataa. Akawa anakimbia anasimama, anakimbia anasimama. Alinitukana sana njiani. Mimi na mama yangu." Kisha akamgeukia Madut. "Unisamehe, mzee. Sifa sizijui. Haya ndiyo yaliyotokea."

Hakuna aliyecheka. Wol mwenyewe alishangaa kuliko wote. Miaka yote aliikumbuka siku ile kuwa siku aliyomkimbia simba, na aliificha kama mtu anavyoficha kidonda. Kule kusimama hakuwahi kukutia maanani.

Aluel akaweka kamba chini. Akapita katikati ya wazee, jambo ambalo Ayen anamsimanga nalo mpaka leo, akachutama na kuuinua mguu mbovu wa Malou.

"Huu anausafisha nani?"

"Yeye," Malou akasema.

"Anausafisha vibaya. Shangazi, niletee maji."

Ayen akafungua mdomo, akaufunga, akaenda kuleta maji. Mzee Madut akamtazama bintiye, akamwambia Wol aketi, kwa sababu mtu hatajiwi mahari akiwa amesimama. Wol akaketi vumbini, kando kabisa ya ngozi aliyotandikiwa. Akainamisha kichwa asionekane.

"Wol analia," Malou akasema, kwa sauti ya kusikika kambi nzima.