Kipima cha Kona ya Marehemu

Kazini tulimwita Bwana Zima, na jina hilo alilipata kwa jasho lake. Sisi wengine tuliajiriwa ili mtambo uende; yeye aliajiriwa ili usimame, na mtu wa namna hiyo hapendwi popote, hata kama ndiye anayewalinda wenzake. Tulimtania kwamba siku ya harusi yake alikagua swichi za ukumbi kabla ya kumtazama bibi harusi. Hakukanusha. Alisema kulikuwa na waya mmoja uliokuwa wazi.

Mtambo wenyewe ni kiharakishi, yaani bomba refu la chuma lililozungushwa chini ya ardhi, ambamo chembe ndogo kupita vumbi lolote husukumwa kwa umeme mpaka zikimbie karibu sawa na mwanga. Zikienda pamoja, tunaziita mwale. Mwale ukipita katikati ya bomba hauharibu kitu. Ukienda kombo kidogo tu, hutoboa chuma kama sigara inavyotoboa shati la nailoni, na kazi ya miaka mingi hugeuka chuma chakavu.

Kwa hiyo kando ya bomba kuna vipima. Kipima kikihisi chembe zimechepuka hulia, na kabla hujapepesa jicho mwale hutupwa kwenye bonge la grafiti, madini meusi ya ndani ya penseli, lililozungushiwa zege. Bwana Zima ndiye alikuwa mlezi wa vipima hivyo, na shingoni alivaa ufunguo wa kuvinyamazisha. Mtambo mpya hujaribiwa kwanza kwa mwale dhaifu usioweza kuunguza chochote, na katika kipindi hicho tu aliruhusiwa kutumia ufunguo kunyamazisha kipima kinacholia ovyo, kisiusimamishe mwale, ili watu wafanye kazi. Kabla ya kuongeza nguvu, kila kipima lazima kirudishiwe sauti.

Chumba chetu kilikuwa na desturi moja ninayoiheshimu mpaka leo: anayezima haulizwi sababu mpaka akae na kunywa maji. Nimefanya kazi kwingine ambako anayezima hufokewa kwanza. Huko watu huogopa kuzima, halafu wanashangaa mambo yakiharibika.

Kaka mkubwa wa Bwana Zima, aliyemlea baada ya wazazi wao kufariki, alikuwa fundi wa kuunganisha mabomba hapohapo kwetu. Kona ya mwisho ya bomba ilikuwa kazi ya mikono yake. Alikuwa anaumwa na hakumwambia mtu kazini. Mficha maradhi, kifo humuumbua: hata hajamaliza kupumzika baada ya kuikabidhi kona ile, alianguka nyumbani na hakuamka tena. Msibani, Mkuu wa mtambo alisema mbele ya watu wote kwamba kona ile ndiyo kazi safi kuliko zote. Mjane aliishika kauli hiyo, akawa anairudia kwa kila aliyekuja kumpa pole.

Tulipoupitisha mwale wa kwanza, kipima cha kona ile kikalia. Tukausogeza mwale huku na huku, kikalia tena.

Mkuu, ambaye si mtu mbaya, akasema kwa sauti ya chini, "Kipima kibovu hicho. Kinyamazishe, tuendelee."

Hakuna aliyebisha. Marehemu hasemwi, na pale chumbani nani angekuwa wa kwanza kusema kwamba huenda kipima ni kizima na bomba ndilo lenye kasoro? Bwana Zima, mtu aliyewahi kutusimamisha siku nzima kwa sababu kipima kimoja kilikohoa, aliingiza ufunguo, akauzungusha, akarudi kukaa. Iliniuma kumtazama.

Majuma yakapita hivyo. Akakonda. Kila akifika kazini alisimama kwanza mbele ya taa ya njano iliyoonyesha kwamba kipima kile kimenyamazishwa, kabla hata ya kuvua koti. Siku moja wakati wa chakula nikamwuliza ana nini.

"Dada, nikikirudishia sauti halafu kikalia," akasema, "nitakuwa nimemwita kaka yangu fundi mbovu mbele ya watu waliomzika. Na shemeji atasikia. Hana kingine alichobaki nacho zaidi ya sifa ile."

"Na usipokirudishia?"

"Mwale wenye nguvu utapita pale." Akasukuma sahani yake pembeni.

Asubuhi ya kuongeza nguvu, Mkuu aliagiza vipima vyote virudishiwe sauti. Kisha akaongeza, bila kumtazama mtu, "Kile cha kona tukiache. Tunajua ni kibovu."

Bwana Zima akasimama. "Tunajua vipi, Mkuu? Hakuna aliyekwenda kukiangalia."

"Tulifanya hivyo kwa heshima ya kaka yako."

"Najua, na nawashukuru. Lakini mwale haumjui kaka yangu."

Akauzungusha ufunguo. Tukaleta mwale dhaifu kwanza, kama inavyotakiwa. Kipima kikalia, mtambo ukanyamaza. Bwana Zima akakaa. Nikampa maji, na hakuna aliyemwuliza kitu.

Mafundi waliteremka wakaifungua kona. Palikuwa na kiungo chenye mikunjo, kinacholiacha bomba litanuke na kusinyaa. Kilibanwa upande mmoja kuliko mwingine, na ndani yake kibamba chembamba cha shaba kilikuwa kimepinda, kinaning'inia kwenye njia ya mwale. Mwale wenye nguvu ungekiyeyusha na kulitoboa bomba. Mkuu alikishika kile kibamba muda mrefu, halafu akasema mjane si lazima ajue.

"Atajua kutoka kwangu," akasema Bwana Zima.

Jioni aliniomba nimsindikize. Shemeji yake alikuwa anapiga pasi sebuleni, picha ya marehemu ikiwa juu ya kabati la vyombo. Alituambia tukae. Bwana Zima hakukaa.

"Shemeji, kona ya kaka ina kosa. Kiungo kimoja hakikukaa sawa. Kosa ni lake, na nimeona haya kukuficha."

Yule mama akaisimamisha pasi, akaichomoa kwenye umeme, akakunja shati alilokuwa analinyoosha. Nilidhani atatufukuza.

"Mikono ilikuwa inamtetemeka," akasema. "Hata chai alikuwa anaimwaga. Nikamwambia aache kazi, akasema mpaka amalize kona yake. Nikamwuliza, 'Na ukikosea?' Unajua alinijibu nini?"

"Sijui, shemeji."

"Alisema, 'Nikikosea, mdogo wangu atanizima.' Akageukia ukutani akalala. Siku zile alikuwa analala vizuri, mimi ndiye niliyekuwa nakesha."

Bwana Zima akakaa sasa, akafunika uso kwa mikono yake. Nilimjua miaka mingi na sikuwahi kumwona akilia.

"Nilichelewa," akasema. "Nilikinyamazisha kwa sababu yake. Majuma yote yale nilikinyamazisha."

"Lakini umezima?"

"Nimezima."

Mjane akainuka, akaenda jikoni, akamletea glasi ya maji. Akakaa karibu naye mpaka akaimaliza, na hakumwuliza lingine.